Saa Ishirini na Tatu Hadi Almería

Birika la chai waliliweka juu ya karatasi ya Fadwa. Meza nzima ilikuwa tupu, na vitambaa vya kuwekea vyombo vya moto vilikuwa palepale pembeni, lakini Hafid mumewe alinyoosha mkono, akaivuta ile karatasi, akaikunja mara mbili na kulikalisha birika juu yake bila hata kuitazama. Na karatasi hiyo Fadwa alikuwa ameihangaikia wiki tatu. Safari yote ilikuwamo: kutoka Gouda, mji wao wa Kidachi, hadi bandari ya Almería kusini mwa Hispania, wanakopanda meli ya kwenda kwao, kwa siku tatu, kulala mara mbili njiani, chumba cha watu watano karibu na Bordeaux na kingine nje ya Madrid, vituo vyenye vyoo safi na bembea, mahali pa kumnyonyeshea Rayhana, mahali pa kumtembeza Ayman kabla hajaanza kutapika. Sasa Bordeaux yote ilikuwa imelowa chai ya mnanaa.

"Mwaka huu nashuka kwa saa ishirini na mbili," Hafid alisema.

"Acha kutia chumvi," Mimoun kaka yake akamjibu, mdomo umejaa mkate. "Hata hiyo ishirini na tatu ya mwaka jana sisi tumeisikia tu."

"Muulize shemeji yako. Alikuwamo garini. Fadwa, mwambie."

Fadwa alikuwa jikoni anaosha glasi, mlango uko wazi. "Mimi nilihesabu matapishi," alisema. "Ayman alitapika mara tisa. Masaa sikuyahesabu."

Wakacheka. Walicheka kwa raha zao, ndugu wawili wenye matumbo ya kukaa, mmoja anaendesha mashine ya kupandishia shehena kwenye ghala la jibini, mwingine anapaka rangi majumba ya watu, na kila Juni inapoingia wote wawili wanageuka madereva wa mashindano. Na si wao tu. Nenda mlango wa msikiti Ijumaa yoyote ya mwezi huo uwasikilize wanaume wa Gouda wa Kirifi, watu wa milima ya ng'ambo ya bahari. Hakuna atakayekwambia watoto wake walikula nini njiani wala walilala wapi. Atakwambia masaa. Huyu kafika Almería kwa ishirini na nne, yule kwa ishirini na tano kwa sababu Paris palikuwa na foleni, na juu yao wote yuko marehemu Haji Amar, baba yao Hafid na Mimoun, ambaye kila mtu anasema aliendesha basi dogo bovu lenye watoto wanane kutoka Gouda mpaka baharini bila kufumba jicho. Bila kufumba jicho. Maneno hayo Fadwa aliyasikia siku ya posa yake, akayasikia siku ya harusi, akayasikia hata siku ya maziko ya mzee mwenyewe, na siku zote alijizuia kuuliza kama kuna mtu aliyekaa mbele yake kuyahesabu hayo macho.

Alizaliwa hapahapa Gouda, wa tatu katika watoto saba, na barabara ile aliijua kabla hajajua kusoma. Baba yake alipanga mizigo nyuma ya gari, juu ya mizigo akatandika magodoro, juu ya magodoro akatandika watoto. Waliona anga na matawi ya miti tu, na waliijua Ufaransa kwa harufu ya ndoo ya matapishi. Mama yake alikaa mbele na kumenya machungwa siku mbili mfululizo. Mwaka mmoja Fadwa alishikwa na haja nje ya mji wa Poitiers, akaambiwa avumilie kidogo, na kidogo hicho kikaishia mpakani Hispania. Alikuwa na miaka sita. Ugonjwa wa kibofu aliopata safari ile ulimchezea mpaka akawa mwari. Siku ile juu ya godoro alijiapia kwamba watoto wake hawatavumilia kidogo, na mtu akimcheka kwa kiapo cha mtoto wa miaka sita, shauri yake.

Na sasa kazi yake ni nini? Kuendesha. Hilo ndilo linalomchoma zaidi. Kila asubuhi Fadwa huwachukua kwa basi dogo la kazi watoto wanane walemavu majumbani kwao, wanne wakiwa kwenye viti vya magurudumu, huwafunga mikanda mmoja mmoja, akawapeleka shule ya mji wa pili na kuwarudisha jioni. Miaka sita sasa, hajakwaruza hata kioo. Kazini kwao dereva ambaye hakulala vya kutosha hapewi ufunguo, hata alie machozi. Wazazi wa Kidachi wanamkabidhi watoto wasioweza kugeuza shingo zao wenyewe, halafu inapofika Julai mwanamke huyohuyo anahamishiwa kiti cha kulia, anapewa bakuli la mayai ya kuchemsha na kuambiwa amenye.

"Tupokezane," alimwambia Hafid mwaka wa kwanza wa ndoa, na wa pili, na wa tatu.

"Tukisimama pale kwenye kituo cha mafuta cha Burgos, Temsamane nzima, kwetu kote, iko pale," Hafid alimjibu mwaka wa tatu. "Wanikute nimekaa kushoto kwako kama mgonjwa? Habari itafika kijijini kabla yetu."

"Kulia, Hafid. Dereva ndiye anayekaa kushoto."

"Ndiyo hivyo. Hata upande wenyewe siujui."

Akajichekesha mwenyewe. Ana ucheshi, hilo Fadwa hawezi kumnyima, na ucheshi wake umemwokoa mara nyingi kuliko anavyostahili.

Mwaka jana ucheshi huo haukusikika. Ilikuwa alfajiri, karibu na Bailén, jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya mizeituni. Fadwa alikuwa amepitiwa na usingizi, Rayhana wa wiki sita yuko titini, na alichokumbuka ni kuamshwa na kelele za kokoto chini ya magurudumu na gari likiyumba kurudi barabarani. Hafid alikuwa mweupe mdomoni. Nyuma, Siham, binti yao wa kwanza, alikuwa amekaa wima, mkanda umemkaba shingo.

"Mbwa," Hafid alisema. "Mbwa alikatiza."

Akasimamisha gari kituo cha mbele, akamnunulia Siham aiskrimu saa moja ya asubuhi. Fadwa aliona ajabu, lakini mtoto alikuwa anatetemeka, na mama naye alikuwa na lake: alijilaumu kwamba alilala. Mwaka mzima alijilaumu. Ndiyo maana mwaka huu alikaa na ramani wiki tatu na kuagiza vyumba viwili, akasema moyoni kwamba safari hii wote watafika wakiwa na akili zao.

Mizigo ilianza kuingia mwezi wa tano. Mnajua inavyokuwa. Hakuna anayekuja na mzigo mkubwa, kila mmoja analeta kidogo tu, haina uzito, ni blanketi moja la shangazi, ni kahawa na sabuni za kufulia, ni viatu vya harusi vya binti ya nani sijui. Kumkatalia mtu mzigo wa kwao ni kumtukana, kwa hiyo hakataliwi mtu, na ukumbi wa Fadwa ukawa ghala. Alivumilia blanketi. Alivumilia baiskeli mbili. Jumapili ya mwisho kabla ya likizo mama mkwe wake, Hajja Tlaitmas, alikuja na Mimoun wakiwa wamebeba cherehani la chuma pamoja na meza yake.

"La binti wa dada yangu," Hajja alisema, akaketi kuvuta pumzi. "Linakwenda garini kwenu. Gari la Mimoun limejaa, na mimi mwenyewe nimo humo."

"Litakaa wapi, Mama?"

"Nyuma ya viti vyenu, chini, miguuni mwa watoto. Nimepima."

"Na miguu ya watoto?"

"Watakunja. Nyinyi hamkukunja? Mmekufa?"

Fadwa alimgeukia mumewe. Hafid alikuwa anaiangalia dari kwa makini, utafikiri kaandikiwa kitu kule juu.

"Sema kitu," Fadwa alimwambia.

"Ni saa ishirini na mbili tu, Fadwa. Watalala."

"Siku tatu. Tunalala Bordeaux na Madrid."

Mimoun akaanza kulipangusa cherehani kwa mkono wa shati, na hapo Fadwa akajua kwamba wengine wote humo ndani wanajua jambo asilolijua yeye.

"Vile vyumba nimevifuta tangu Jumatano," Hafid alisema. "Nilitaka kukwambia. Tunapoteza siku mbili za bure kulala kwenye vitanda vya watu, na Mama ana wiki nne tu za kukaa na wajukuu kule. Tutapumzika tukifika. Kwani mwaka jana hatukufika?"

Maneno yalimjia Fadwa mengi, na yote yalikuwa ya kumtia mtu jeraha mbele ya mama yake, na yeye hakulelewa hivyo. Akaenda chumbani, akakunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Alikuwa na hasira hadi masikio yanamwaka. Mtu ameingia kwenye mpango wake kimyakimya, akaufuta kwa kidole, akamwacha aendelee kununua mifuko ya kulalia ya watoto siku nne nzima kama mpumbavu. Wiki hiyo alimpikia, alimfulia, na hakumpa hata salamu.

Alhamisi mwalimu wa Siham alimpigia simu kazini, akamwomba apite shuleni.

Mwalimu Anneloes alikuwa binti mdogo mpole, na upole wake ndio uliomtisha Fadwa. Alimkalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Siham amelala darasani mara nne wiki hii," mwalimu alisema. "Jana alilala ameshika kijiko. Je, nyumbani kuna jambo lolote? Kuna mtu mgonjwa? Kuna... ugomvi?"

"Analala saa mbili usiku," Fadwa alisema. "Namfunika mwenyewe."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama anayemsikia mama anayedanganya. Fadwa aliona haya mpaka mgongo ukaloa. Akamshika Siham mkono, wakatoka bila kuaga vizuri, akampandisha kwenye basi la kazi, kiti cha mbele, akafunga milango.

"Haya. Usiku unafanya nini, mwanangu?"

Siham alikuwa na miaka minane, mwembamba, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kujibu. Alifikiri sana.

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kutolala. Nakaa kitandani nakunja vidole. Juzi nilifika saa tisa. Lakini safari ni saa ishirini na mbili, Mama. Sitafika."

"Ufike wapi? Nani kakwambia usilale?"

Mtoto akatazama nje ya dirisha. "Baba alisema nisimwambie mtu."

Fadwa alizima injini. Akamgeukia mtoto. "Mimi si mtu. Mimi ni mama yako."

"Hakukuwa na mbwa," Siham alisema.

Akaeleza kidogokidogo, kama anayetoa mwiba. Aliyaona macho ya baba yake kwenye kioo yamefumbwa. Akamwita, hakusikia. Akajivuta mbele mkanda ukimkaba, akamvuta nywele. Ndipo baba akaamka, na gari likawa tayari limo kwenye kokoto. Kule kwenye kituo baba alimnunulia aiskrimu, akamwambia yeye ndiye macho ya baba, askari wake hodari, na kwamba hili ni lao wawili tu, na mwaka ujao atakaa tena nyuma yake amlinde.

"Lakini Mama, mwaka jana sikuwa namlinda," Siham alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Nilikuwa nimelala. Niliamka kwa bahati tu, nilitaka kukojoa."

Akatoa kidaftari kwenye mkoba wa shule, cha jalada la farasi, akampa. Fadwa alisoma ukurasa mmoja, akakifunga. Akamkumbatia mtoto juu ya gia ya basi, akamwambia hakuna mazoezi tena kuanzia leo, amesikia, hakuna. Siham akaitikia, lakini uso wake ulibaki wa mtu ambaye kazi yake haina wa kuipokea.

Basi la kazi Fadwa hulirudisha saa kumi na moja. Siku ile aliligeuza, akaenda nalo moja kwa moja nyumbani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Njia nzima aliongea peke yake kimoyomoyo. Kumdanganya yeye, sawa, amezoea. Lakini kumtwika mtoto wa darasa la tatu uhai wa watu watano, ukamfunga mdomo kwa aiskrimu, kisha ukarudi mlangoni pa msikiti kujipiga kifua kwa saa ishirini na tatu! Angempata karibu wakati ule, angemuuma.

Mbele ya nyumba wanaume walikuwa kazini. Gari limetolewa, keria imefungwa juu, na Hafid na Mimoun walikuwa wanajaribu kufunga turubai la buluu juu ya baiskeli na blanketi. Hajja Tlaitmas alikuwa amewekewa kiti mlangoni, Rayhana mapajani, Ayman anacheza na kamba.

"Shemeji, shuka ushike ncha hii," Mimoun aliita. "Si unajidai dereva."

Fadwa alimpeleka Siham ndani, akampa Ayman acheze naye, akafunga mlango wa ukumbi. Kisha akatoka, akaufikia mlango wa gari lao uliokuwa wazi, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Hafid. Yule mbwa wa Bailén alikuwa rangi gani?"

Hafid alikuwa juu ya ngazi. "Mbwa gani?"

"Aliyekatiza."

"Sikumbuki. Kahawia. Kwa nini?"

"Shuka."

Kwa sauti ile alishuka. Fadwa akakiweka kidaftari juu ya boneti, akakifungua kwenye ukurasa ule. "Soma. Kwa sauti, kaka yako na mama yako wasikie."

"Fadwa, watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie. Soma, au nasoma mimi, na mimi nitasomea hata mlangoni pa msikiti."

Hafid aliinama juu ya boneti. Mwandiko wa Siham ni mkubwa, wa duara. Alianza vizuri. "Saa ya kwanza, kumwimbia Baba," alisoma, na Mimoun akacheka. "Saa ya kumi, pipi kali. Saa ya kumi na tano, kumwagia Baba maji shingoni. Saa ya ishirini, kumvuta nywele. Kama haamki, kuvuta sana." Akakisukuma kidaftari pembeni.

"Endelea. Kuna mstari mmoja."

Mimoun akakisogelea kidaftari, akausoma yeye, polepole, na alipofika katikati sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ninywe maji mengi na nisikojoe, ili nisilale."

Rayhana alipiga makofi mapajani mwa bibi yake, bibi akamshika mikono.

"Nilifumba macho kidogo tu," Hafid alisema mwishowe. "Sekunde mbili. Nilikuwa nimetoka zamu, Fadwa. Nilitoka kazini saa nne asubuhi tukaondoka saa tano, wewe mwenyewe unajua. Kila mtu anafanya hivyo. Baba alifanya hivyo miaka thelathini na hakufumba—"

"Alifumba," Hajja Tlaitmas alisema.

Wanawe wakamgeukia. Bibi alikuwa anamtazama mtoto mapajani, si wao.

"Alikuwa anafumba kila safari. Kuanzia Bordeaux mpaka chini. Nilikuwa nachomeka pini ya mtandio hapa," akagusa pembe ya kitambaa chake, "nikimwona kichwa kinaenda namchoma pajani. Akiamka ananitukana. Tukifika, nguo nazifua mimi, damu naitoa mimi." Akamsogeza mtoto mapajani. "Yeye alikuwa anapenda watu waseme vile. Sikuona ubaya."

Mtu angedhani Fadwa angemshukuru. Aa, wapi. Hasira iliyokuwa kwa mumewe ilipanda ikapata wa pili. Miaka kumi amekaa na mwanamke huyu jiko moja, wakipika, wakichambua dengu, akisikiliza habari za macho yasiyofumba, na bibi akiitikia, eh, bila kufumba jicho, huku pini iko kichwani mwake.

"Na ulimwacha mwanao aamini," alisema. "Ulimwacha apande gari na wajukuu zako akimkimbiza mtu ambaye hakuwepo. Pini umekaa nayo wewe, Mama. Mimi sikuambiwa hata nibebe pini. Kaibeba Siham."

Hajawahi kusema na mama mkwe wake hivyo, na alijua yatamfuata. Mimoun alifungua mdomo, Hajja akamnyamazisha kwa kiganja. Kisha bibi akafanya jambo ambalo Fadwa hakulitegemea. Alisema, "Mimoun, shusha lile cherehani."

"Mama, tumeshalifunga."

"Nimesema lishushe. Wajukuu wangu wanyooshe miguu."

Mimoun akaanza kufungua kamba. Kuhusu masaa hakusema tena neno, siku ile wala zilizofuata. Hafid aliketi kwenye ukingo wa barabara, kidaftari mkononi, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, akawa anakisoma upya tangu juu. Fadwa alisimama mbele yake. Hakumhurumia. Alitaka kumhurumia baadaye, akipata nafasi, siyo pale.

"Naendesha mimi," alisema. "Ukitaka kupokezana, utapokea ukiwa umelala saa nane kamili, nitakazozihesabu mimi. Vyumba nitaagiza leo, na ukivifuta nakufuta wewe. La hutaki, mimi na watoto tutapanda ndege, na wewe nenda na blanketi za watu, ufike kwa saa kumi na tisa, uwahadithie."

"Na Siham?" Hafid aliuliza. "Nimwambie nini Siham?"

"Mimi sijui. Ulijua cha kumwambia mwaka jana."

Jambo hilo Hafid alihangaika nalo siku zote zilizobaki. Alimwomba mtoto msamaha mara mbili, mara ya pili akilia, na Siham akamsamehe haraka, kama watoto wanavyosamehe, bila kumwamini. Alimwahidi kwamba mtoto halindi tena mtu. Siham akasema sawa. Asubuhi ya safari alipanda gari akiwa na pipi kali mfukoni na chupa ya maji yenye kidude cha kupulizia, ile Fadwa anayotumia kunyunyizia nguo akipiga pasi. Fadwa aliiona, akaiacha.

Waliondoka saa tatu, baada ya usingizi mzima na kifungua kinywa, jambo la aibu kabisa katika mtaa ule. Mimoun na Hajja walikuwa tayari wametangulia tangu alfajiri. Jirani mmoja alisimama na kikombe chake kumwona Hafid anazunguka gari, anapita mlango wa dereva, anapita wa pili palipofungwa kiti cha Rayhana, anaingia nyuma na kukaa katikati ya Siham na kiti cha Ayman, magoti yamebanwa. Jirani akainua kikombe. Hafid akampungia mkono, masikio mekundu.

Mpaka Rotterdam hakuna aliyesema. Mpaka Breda Ayman aliimba. Fadwa alikuwa anatazama barabara na kioo, barabara na kioo, kama anavyofanya kazini. Hasira yake ilikuwa bado ipo, imekaa kifuani pazima, wala hakuiona haja ya kuifukuza. Kwenye kioo alimwona Siham amekaa wima, chupa mkononi, anamtazama baba yake.

"Sasa anaendesha Mama," Hafid alimwambia polepole. "Unaweza kulala."

"Lala wewe kwanza," Siham alisema.

"Mimi?"

"Nikuone."

Hafid alimtazama mtoto. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho. Siham akasogea. Akamgusa kope moja kwa kidole, akamgusa ya pili, akangoja. Akamwita kwa sauti ndogo, "Baba," naye Hafid, ambaye Fadwa alijua fika kwamba yuko macho maana koo lake lilikuwa linapanda na kushuka, hakuitika.

Walikuwa hawajaingia Antwerp chupa ilipodondoka sakafuni. Fadwa alitazama kioo. Siham alikuwa amelala mdomo wazi, kichwa kimeanguka kifuani mwa baba yake, miguu ameinyoosha yote pale ambapo cherehani lingekaa. Hafid alikuwa na macho yaleyale yaliyofumbwa, na machozi yalikuwa yanamtoka kwenye pembe zake yakiingia ndevuni, na hakuyapangusa kwa sababu angemwamsha.

Fadwa alipunguza mwendo, akahamia njia ya kulia, ya malori.